Dumu Nyuma ya Mlango

1.

Umegeuza uso. Usikatae. Umesoma neno dumu, ukahisi harufu ya choo, ukataka kuruka ukurasa. Kaa hapo hapo. Mama mmoja, jina lake Sikudhani, naye aligeuza uso, na sasa mguu wa mtu unaoza.

2.

TANGAZO
Kwa wafanyakazi wote wa shamba la mkonge wenye miaka arobaini na kuendelea. Upimaji wa afya wa kila mwaka utafanyika Alhamisi katika zahanati ya shamba. Kila mmoja atatoa mkojo wake katika kichupa atakachopewa. Atakayekutwa na maradhi, mkataba wake hautaongezwa.
Utawala

3.

Sasa unalielewa dumu.

Lipande, mkata mkonge, miaka hamsini na mbili, hakuwahi kulazwa na homa. Miaka mitano mfululizo alikojoa kwenye dumu la lita tano, akalificha nyuma ya mlango wa choo cha zahanati. Wenzake wanane waliingia mmoja mmoja, wakamimina vichupani mwao, wakatoka wazima.

"Nyie mnatembelea figo zangu," aliwatania. "Mniamkie."

"Shikamoo figo," Sikudhani akamjibu. Kazi yake kuanika nyuzi juani, miaka arobaini na saba, na hajui mkojo wake una nini tangu…

4.

(Mwaka jana, dirishani kwa nesi. Nesi na bwana wa utawala. Sikudhani alisikia. Akamshukuru Mungu.)

— Watu tisa, mkojo mmoja. Mwaka wa tano huu.
— Andika wazima. Mgonjwa atadai dawa. Mzima atadai nini?

5.

Alivyoviona Sikudhani mwaka huu, akavipita:

dumu limejaa mapema kuliko mwaka wowote ("Neema hii," wakacheka, "bomba la Lipande limefunguka")

Lipande anakunywa kopo la maji, anajaza, anakunywa, anajaza

suruali yake imefungwa kwa kamba

kidonda cha mwiba unyayoni, wiki ya saba

sisimizi

Mstari mzima wa sisimizi, kutoka dirishani hadi mdomo wa dumu. Aliwapangusa kwa kanga.

Akamimina.

6.

Barua tisa, ya Lipande ikiwamo.

"…umekutwa na sukari nyingi kwenye mkojo. Mkataba wako unakoma mwisho wa mwezi. Nyumba ya shamba irudishwe pamoja na ufunguo. Asiyeridhika aje Jumatatu akojoe upya mbele ya nesi. Mkojo ukitofautiana na wa kwanza, mhusika atapelekwa polisi kwa udanganyifu."

7.

Walimfuata Lipande kwake. Hakuna aliyemuuliza hali.

"Umetuua, bwana."

"Ulikula nini wewe mzee?"

Lipande alikuwa ametumbukiza mguu kwenye karai la maji ya chumvi, inzi wakiuzunguka. "Watu tisa sukari siku moja? Hiyo njama ya ofisi. Babu yangu alipoajiriwa mkongeni walimpima mabega kwa kamba, wakamvika namba shingoni. Kifua kilipoanza kukohoa, wakamtoa getini. Leo wamebadilisha kamba tu. Hospitali siendi. Mimi mzima."

"Kaka, nenda wakakutazame huo mguu," Sikudhani akasema.

"Na wewe dada, mbona huendi? Si mzima?"

Akawafukuza inzi kwa kanga.

8.

Lipande amekosea nusu tu. Kuna kupimwa ili utibiwe, na kuna kupimwa ili utupwe. Walimpa la pili mpaka akalichukia la kwanza. Wamekufundisha na wewe. "Siumwi, nipimwe nini?" Umeisema mwaka huu. Umeisema huku unapunguza mkanda tundu la tatu, na kopo la maji mko…

9.

Sikudhani hakulala kwa hili moja. Mkojo wake ukitoka safi, Lipande atajua kipimo hakidanganyi, sukari ni yake peke yake, atakwenda hospitali angali na mguu. Yeye atakwenda polisi.

Ukitoka mchafu…

10.

Jumatatu. Choo cha zahanati. Mlango wazi, nesi kizingitini anapiga miayo. Nyuma ya mlango hakuna kitu.

"Haya mama. Unao au huna?"

Sikudhani amechuchumaa, kichupa mkononi, kina jina lake.

Haumtoki.

11.

Na wewe umekaa, unasubiri nikwambie ulitoka au haukutoka. Sikwambii. Weka chini unachosoma. Zahanati iko wazi na hujaanza kuumwa. Ndiyo saa yenyewe. Mchukue njiani yule mwenye kidonda, unamjua, ulimwona jana ukampita. Dai dawa yake kwa sauti. Kisha shika kichupa, andika jina lako.

Kojoa.