Tisini Si Ndogo Kuliko Mia Tatu

Kwa wiki sita duka la mjomba wangu halikuwa na tairi hata moja la nyuma la pikipiki. Ndoano za ukutani zilibaki tupu. Waendesha pikipiki waliingia, wakazitazama ndoano, wakatutazama sisi, wakasonya, wakatoka.

Kwa hiyo lori liliposimama mlangoni Jumatatu asubuhi, mjomba alitoka nje kabla hajamaliza kufunga vifungo vya shati. Nilimfuata na daftari la stoo. Utingo akaanza kuyarusha matairi chini. Mjomba alidaka la kwanza, akaligeuza, akasoma maandishi ya ubavuni, uso wake ukashuka.

"Hii nini?"

"Tairi," utingo akajibu.

"Naona ni tairi, sikudhani ni sufuria. Mimi niliagiza mia tatu. Hii imeandikwa tisini."

"Mzee, mimi nabeba. Siandiki."

Tairi la nyuma la pikipiki zetu kila mtu huliita mia tatu. Ubavuni limeandikwa 3.00-18, lakini ile nukta hakuna anayeiona, na ile kumi na nane ya mwisho huonwa na wachache zaidi. Ukisema mia tatu, umemaliza. Haya mapya, ishirini na manne, yaliandikwa 90/90-18.

"Mjomba," nikasema, "hayo ni yale yale."

Nadhani nililiambia daftari. Wakati huohuo yule dereva tunayemwita Honi, kwa sababu sauti yake hufika kabla ya pikipiki yake, alikuwa anapiga kelele barabarani kwamba hatimaye matairi yamekuja. Alipolisoma lile la kwanza akaangua kicheko.

"Tisini! Hii ya baiskeli ya mtoto! Mzee, umetuletea mwanasesere?"

Mjomba akakunja uso kwa aibu. Akampigia simu muuzaji wa jumla hapohapo, akafoka, wakakubaliana kwamba lori litakaporudi Jumatano litayachukua yote.

"Andika 'yamekosewa'," akaniambia.

"Mjomba, hayakukose..."

"Andika, mwanangu. Kwa herufi kubwa."

Nikaandika. Kwa herufi kubwa.

Nina stashahada ya ugavi na utunzaji wa ghala. Masomo yote nilifaulu. Sauti yangu ndiyo haikufuzu. Nikiwa peke yangu na boksi la vipuri ninaweza kueleza kila skrubu, lakini watu watatu wakinigeukia kwa pamoja, maneno hurudi tumboni. Madereva huniita Dada Kimya. Huwa sijibu, na hilo huwafurahisha zaidi.

Jumanne alikuja kaka yangu.

Nilimsikia kabla sijamwona. Tairi lake la nyuma lilikuwa kipara kabisa na limechanika upande mmoja, na Fundi Pancha, ambaye kibanda chake kimeegemea ukuta wa duka letu, alikuwa amepachika kipande cha tairi kuukuu kwa ndani ili mpira wa ndani usichomoze. Kila gurudumu lilipozunguka, kile kipande kiligonga chini. Tap. Tap. Tap. Kwa wiki mbili kaka hakuwa amebeba abiria.

Lakini abiria hawakuwa shida kubwa. Shida ilikuwa Alhamisi. Binti yake ana miezi minne na alizaliwa na nyayo zilizopindia ndani, kama anayetaka kujipigia makofi kwa miguu. Kila Alhamisi hospitali humbadilishia plasta, wakiinyoosha miguu kidogo kidogo. Ni kilomita arobaini, na gari la abiria hupita kwao Jumamosi tu. Alhamisi iliyopita tairi lilimgomea njiani wakarudi. Muuguzi alimwambia kwa simu, bila kumgombeza, na hilo ndilo lililomuuma: akikosa ya pili mfululizo, miguu itaanza kurudi ilikotoka, nao wataanza upya.

"Mdogo wangu, niambie mmepata," akasema huku akishuka.

"Tumepata."

Macho yake yakawaka. Nikamwonyesha rundo. Akasoma, macho yakazimika.

"Tisini?"

"Kaka, sikiliza. Mia tatu si mia tatu. Ni tatu, nukta, sifuri sifuri. Inchi tatu za upana. Hii tisini ni milimita. Ni kama mtu mmoja kutaja uzito wake kwa kilo na mwingine kwa gramu..."

"Kwa hiyo zinalingana?"

"Karibu kabisa. Hii imezidi upana kidogo tu. Na zote ni kumi na nane, ndiyo saizi ya rimu yako."

Alinitazama kwa upendo, na nikajua nimeshindwa. Kaka hunitazama hivyo tangu nikiwa darasa la pili, nilipomwambia kuwa jua halizunguki.

"Ningekuwa peke yangu ningejaribu," akasema. "Lakini nambeba mtoto, nambeba na mama yake. Nimpakie kwenye tairi la tisini?"

Akaondoka. Tap. Tap. Tap.

Nikaingia nyuma ya duka nikiwa na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi. Kwenye rundo la takataka nikachomoa tairi kuukuu la 3.00-18. Nikachukua kamba ya katani, nikapima mzunguko wa ndani wa lile kuukuu, pale linapokaa kwenye rimu, nikafunga fundo. Nikaipeleka kamba kwenye lile la tisini. Fundo likaangukia palepale. Nikapima mzunguko wa nje. Jipya lilizidi kwa upana wa kidole, na kidole hicho ndicho lile kuukuu lilichokiacha barabarani kwa miaka miwili.

Nilimwambia mjomba tena wakati wa chai. Akacheka mpaka akapaliwa.

"Tisini na mia tatu, kipi kikubwa? Hata mama yako ambaye hakukanyaga chuo atakujibu."

Jioni niliandika kila kitu kwenye karatasi, inchi na milimita, nikachora na gurudumu, nikaiacha mezani kwake. Asubuhi niliikuta hapohapo. Alikuwa ameweka kikombe juu yake. Duara la chai lilikuwa limezunguka gurudumu langu vizuri sana, ungedhani ni sehemu ya mchoro.

Ndipo nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya. Nikachukua tairi moja katika yale ishirini na manne, nikalificha nyuma ya maboksi ya oili.

Saa nne kaka akaja, safari hii anatabasamu, tairi limemning'inia begani.

"Mia tatu!" akapaza sauti. "Nimeipata kwa jamaa mmoja, ilikuwa chini ya kitanda chake. Fundi! Lete vyuma!"

Nikatoka nje mbio. Nikaliinamia. 3.00-17.

"Kaka, hii ni kumi na saba."

"Ni mia tatu. Soma."

"Mwisho. Soma mwisho. Rimu yako ni kumi na nane. Hii haitaingia."

Fundi Pancha alikuwa ameshachovya kitambaa kwenye maji ya sabuni. "Dada Kimya leo anaongea!" akasema. "Usiogope, dada. Ni inchi moja tu. Sabuni itamaliza hiyo inchi."

"Sabuni haikuzi kitu, fundi."

"Wewe tazama mikono."

Nikaitazama. Upande wa kwanza ulikataa. Akaingiza chuma cha kwanza, cha pili, Honi akaja kukanyaga cha tatu, kaka akalikandamiza gurudumu kwa goti. Watu wakakusanyika, kila mmoja na ushauri. Vuta. Zungusha. Ongeza sabuni. Nikasimama pembeni nikishikilia vidole vyangu, na wakati huo lori likaingia na kusimama mbele ya duka, na utingo yuleyule akaanza kupakia matairi yetu.

Twaa!

Lilikuwa pigo kavu, kama njiti kubwa ya kiberiti imevunjwa. Waya ulio kwenye ukingo wa tairi ulikuwa umekatika, na ncha yake imechomoza kwenye mpira, inang'aa. Hiyo haishoneki.

Fundi akafuta mikono kwenye suruali. Kaka akakaa chini, palepale kwenye maji ya sabuni.

"Kesho ni Alhamisi," akasema. Hakumwambia yeyote.

Upande wa pili, utingo alikuwa anahesabu kwa sauti. "Ishirini na mbili. Ishirini na tatu. Mzee! Moja limepungua. Karatasi inasema ishirini na nne."

"Haiwezekani," mjomba akasema. "Hayo hata mwizi hayataki."

"Ninalo mimi," nikasema.

Safari hii neno lilitoka. Sijui lilitokea wapi. Wote wakageuka, Honi na chuma chake mkononi, fundi, utingo, mjomba na kalamu sikioni. Maneno yakaanza kurudi tumboni kama kawaida yao. Kabla hayajafika, nikaingia ndani, nikalitoa lile tairi nyuma ya maboksi, nikaliviringisha hadi mbele ya kaka. Kamba ilikuwa mfukoni.

Nikaishika rimu yake, nikaizungushia kamba pale penye ukingo, nikaonyesha fundo. Nikaipeleka kwenye lile la kumi na saba. Fundo likapitiliza kwa urefu wa kidole. Nikaipeleka kwenye lile la tisini. Fundo likatua.

"Mganga wa kamba," Honi akanong'ona, lakini hakuna aliyecheka.

"Livalishe," nikamwambia fundi.

"Mzee, nalibeba au silibebi?" utingo akauliza. "Dereva ana haraka."

"Mjomba, zuia yote," nikasema. "Tafadhali. Yote yanafaa. Subiri dakika kumi tu, uone."

Mjomba akatazama rundo kwenye lori, akatazama kamba yangu, akawatazama madereva waliokuwa wanamtazama. Nilimwona anataka. Kisha nikamwona anakumbuka kicheko cha Jumatatu.

"Sijazi duka langu kwa sababu ya kamba," akasema. "Hilo moja liache, ni la kaka yako. Mengine yaende."

Lori likaondoka. Halikungoja hata dakika mbili.

Tairi liliingia rimuni bila kukanyagwa na mtu. Fundi alitumia vyuma viwili tu, na uso wake ulizidi kununa kadiri kazi ilivyozidi kuwa rahisi. Akajaza upepo. Ukingo ukaruka mahali pake, pa! pa!, kila upande mara moja. Wakalifunga gurudumu, fundi akapitisha vidole viwili kati ya tairi na mnyororo, vikapita. Kaka akapanda, akazunguka uwanja mara moja, akazunguka tena, akatoka mpaka barabarani. Tulisikiliza. Hapakuwa na tap.

Aliporudi hakushuka. Alinishika kichwa kwa kiganja chote, kama alivyokuwa akinishika zamani, akanitikisa kidogo, akaondoka kwenda kumwambia mkewe ajiandae.

Ndipo Honi akasema, "Mzee, na mimi nataka hiyo tisini."

"Na mimi."

"Mimi nilikuwa wa kwanza, nilisema tangu Jumatatu."

"Jumatatu ulisema ni ya mtoto!"

Mjomba alikuwa ameshatoa simu. Utingo hakupokea. Akapiga tena. Hakupokea. Akanigeukia, na nitakumbuka siku zote jinsi alivyoonekana mnyonge, kalamu bado iko sikioni.

"Kwa nini hukusema?"

Nikafungua mdomo. Nilitaka kumwambia kuhusu Jumatatu, na chai, na karatasi yenye duara la kikombe. Nikamhurumia. Nikaufunga.

"Alisema," Fundi Pancha akajibu kwa niaba yangu, akiwa ameinama anakusanya vyuma vyake. "Hata mimi aliniambia leo. Sisi ndio tulikuwa tunaongea."

Alhamisi asubuhi kaka alipita mbele ya duka. Shemeji yangu alikuwa nyuma, mtoto kati yao amefunikwa shuka, na miguu miwili ya plasta imechungulia pembeni, myeupe, kama vibuyu viwili. Kaka akapiga honi mara tatu. Sikuweza kutoka kuwapungia. Kaunta ilikuwa na wanaume kumi na mmoja, wote wanataka tisini, na ndoano zote ukutani zilikuwa tupu kama wiki iliyopita.

Mjomba alikuwa kwenye simu na muuzaji wa jumla. Alisikiliza, akanisogezea simu juu ya kaunta.

"Ongea naye wewe. Mimi ananichanganya na hizo milimita."

Nikaiweka sikioni.

"Matairi yale tumeyapeleka kwingine jana hiyohiyo," sauti ikasema. "Mengine ni baada ya wiki tatu. Na si mliyarudisha wenyewe? Nyie mnataka nini hasa?"

"Tisini kwa tisini, kumi na nane," nikasema.

"Nini? Sikusikii."

Wanaume kumi na mmoja wakanitazama. Mjomba akanifanyia ishara kwa kiganja, paza, paza. Nikafikiria yale matairi ishirini na matatu yakishuka mlima kwenye lori, na waya uliokatika, na Alhamisi nyingine zote zitakazokuja kwa watu wengine.

"TISINI KWA TISINI, KUMI NA NANE!"

Nje, kibandani kwake, Fundi Pancha aliangusha chuma.