Barua Iliyolala Kwenye Disketi

Sumayya aliitambua disketi ile kabla hajasoma kibandiko chake. Alikuwa akitafuta cheti cha kuzaliwa, akaikuta chini kabisa ya sanduku. Tangu aache kazi ya uchapaji kwa wakili mmoja mjini Nyeri, alikuwa amejiambia mara nyingi kwamba imekwisha potea, na kila alipojiambia hivyo moyo ulitulia kidogo.

Siku mbili aliizungukazunguka. Ya tatu akampelekea Mwalimu Muchiri, jirani yake hapo Majengo, anayefundisha kompyuta chuoni.

"Aki hii ni ya kitambo," Muchiri alisema akiigeuzageuza. "Kifaa ya kuisoma niko nayo. Halafu kuna tovuti inaigiza zile kompyuta za zamani. Unaifungua tu kwa mtandao kama unasoma gazeti. Kwani kuko nini ndani?"

"Barua tu."

Muchiri akahangaika nayo kitambo, kisha kioo cha laptopu kikawa cheusi, herufi za kijivu zikajipanga, na baadaye pakatokea ile samawati ya programu ya kuchapia ambayo Sumayya aliitazama miaka kumi na moja. Alidhani amesahau kila kitu. Vidole havikusahau. Aliita orodha ya faili bila kugusa kipanya, akaliona jina: RUKAYA. Machi 1993.

Rukaya ni mdogo wake. Mwaka uliotangulia alikuwa ametoroka na Wambugu, kijana Mkristo wa Othaya, na baba yao, Mzee Yakubu, mchuuzi wa ng'ombe huko Nanyuki, akasema asitajiwe jina lake tena. Miezi sita baadaye Rukaya alimjia Sumayya ofisini saa ya chakula cha mchana. Alitaka barua ichapwe kwa herufi kubwa, maana macho ya baba yalikuwa yamefifia. Sumayya akachapa huku dada yake amesimama nyuma ya kiti, analia na kutamka. Akaahidi kuichapisha na kuipeleka Nanyuki Jumamosi.

Siku ile utepe wa printa ulikuwa umekwisha. Hilo ni kweli. Lakini Jumatatu ukaletwa mpya, na barua haikutoka. Tangu Rukaya aondoke, Mzee alikuwa akimwita Sumayya "mwanangu wa pekee," akimwekea maini kila Jumamosi. Sumayya hakuwahi kupendwa hivyo. Akasema wiki ijayo. Wiki ijayo ikazaa nyingine. Mnamo Juni Mzee akalala hospitali, na jioni moja akamuuliza, "Yule mwingine hajaleta hata salamu?"

"Bado, Baba."

Akafa Alhamisi ile.

Sasa Sumayya alisoma. Maneno mengi aliyakumbuka. Hili alikuwa amelisahau: SUMAYYA NDIYE ANANICHAPIA. USIMKASIRIKIE, BABA. YEYE HAJAWAHI KUNIANGUSHA.

Alitazama alama ile inayopepesa mwisho wa mstari. Akajua kitufe cha kufuta kiko wapi.

"Mama, uko sawa?" Muchiri aliuliza.

"Nitolee kwenye karatasi," akasema.

Kesho yake akaenda Othaya. Njia nzima alikuwa akipanga uongo: mashine iliharibika, disketi ikaibwa. Alimkuta Rukaya akichambua maharagwe mlangoni. Rukaya alifurahi, akataka kuinjika chai.

"Kaa kwanza," Sumayya akasema, akampa karatasi.

Rukaya alisoma polepole. Alipofika katikati akaketi chini. Baadaye akainua macho. "Hii ni ile barua. Umeitoa wapi?"

"Ilikuwa kwangu."

"Baba aliirudisha?"

"Hakuiona, Rukaya."

Kisha Rukaya akasema kwa haraka, kama mtu anayemshika mwenzake asianguke, "Kompyuta yenu iliharibika. Sivyo? Zile za zamani zilikuwa zinaharibika."

Mlango wa uongo ndio huo, umefunguliwa na aliyedhulumiwa mwenyewe.

"Haikuharibika. Sikutaka urudi. Na aliniuliza, siku za mwisho, kama umeleta salamu. Nikamwambia bado."

Rukaya alikunja karatasi mara mbili, mara nne. "Miaka thelathini na mbili nimemchukia baba yangu," alisema. "Watoto wangu hawajui hata alizikwa wapi. Mimi mwenyewe nilikataa kuuliza."

"Nisamehe, dada."

"Enda nyumbani, Sumayya."

Hakumsindikiza. Maji ya chai yalikuwa hayajawekwa motoni.

Wiki tatu Sumayya alipiga simu, haikushikwa. Alituma ujumbe, haukujibiwa. Kwenye swala alirefusha sijida hadi magoti yakamuuma. Kisha Ijumaa moja asubuhi simu ikaita, akaliona jina la dada yake, akaishika kwa mikono miwili.

"Niko Nanyuki na watoto," Rukaya alisema. Hakumsalimu. "Kaburi la Baba liko upande gani?"

Sumayya akamweleza: aingie kwa lango dogo, apite mshubiri mkubwa, ahesabu safu ya nne kutoka ukutani. Alisikia hatua kwenye nyasi kavu, sauti ya msichana ikiuliza kitu, kisha hatua zikasimama.

"Nimeliona," Rukaya akasema.

"Nipande gari nije? Naweza kufika kabla ya adhuhuri."

"Usije."

Lakini hakukata simu mara moja. Sumayya alikaa kitandani, simu sikioni, akimsikiliza dada yake akiisoma barua kwa sauti, neno kwa neno, hadi pale palipotajwa jina lake. Hapo Rukaya alinyamaza, na simu ikakatika.