Hoja ya Wajane

Mdogo wake alipoitwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Kanisa kuwasilisha hoja, muuguzi alitabasamu kwa meno ya mbele tu. Hoja yenyewe ilikuwa yake. Yeye ndiye aliyezunguka usharika kwa usharika akiongea na wajane wa wainjilisti, wanawake ambao waume zao wakishazikwa tu, wazee wa kanisa wanakuja kudai funguo za nyumba ya kanisa. Alitaka mjane aachiwe mwaka mzima kabla ya kuhama. Usharikani ilipita, jimboni ikapita, kwenye dayosisi ikapita kwa mbinde. Ilipofika Halmashauri Kuu, waheshimiwa walikuna videvu wakaamua: hoja nzuri, lakini iwasilishwe na mjumbe anayejua sheria.

Na ni nani tena huyo, kama si mdogo wake, wakili, mjumbe wa dayosisi alikoolewa?

"Ndugu wajumbe," wakili alianza, na ukumbi mzima ukatulia. Ndivyo alivyokuwa tangu utotoni. Muuguzi angefagia, akachota maji, akaosha vyombo, mdogo wake angeingia na kichekesho kimoja tu, na mama yao angesema, "Huyu mtoto ana akili!" Sasa wakili aliishukuru Halmashauri Kuu, akamshukuru Katibu Mkuu, akawashukuru hata wapishi wa chai. Dada yake hakumtaja.

"Hata wapishi!" muuguzi alinong'ona kwa wivu. Jirani yake, mwalimu mstaafu aliyekuwa anasinzia, alishtuka akasema, "Amina."

Kwa kuwa hoja ilibadilisha kanuni za Kanisa, ilihitaji theluthi mbili ya kura, tena za siri. Muuguzi alijua vizuri ni nani anayeisubiri. Kaka yao, mwinjilisti, alikuwa amefariki majuzi tu, na wifi yao alipewa mpaka mwisho wa mwezi awe ameondoka na watoto. Lakini alijiambia kwamba hoja itapita tu, watu wameshalewa maneno ya wakili. Kura moja ya kumpunguzia maringo haitamuumiza mtu. Akaandika HAPANA, akakunja karatasi, akaitumbukiza sandukuni.

Mwenyekiti, askofu asiyekuwa na haraka na neno lolote, alisoma matokeo. Hoja imeanguka. Imepungukiwa kura moja.

Wakati wa chai wakili alimfuata dada yake kwenye korido, macho mekundu.

"Dada, tutamwambia nini wifi?"

"Muulize Katibu Mkuu. Si ndiye uliyemshukuru?"

Wakili alimkodolea macho. "Kumbe umekasirika? Dada, nilikuficha makusudi! Niliambiwa wakijua sisi ni ndugu, na marehemu ni kaka yetu, watasema tunapigania nyumba ya familia. Jina lako lilikuwa linaniwasha ulimini muda wote."

Muuguzi alishika kikombe kwa mikono miwili asijue pa kukiweka.

Waliporudi ukumbini, Mwenyekiti aligonga meza. "Kabla ya ajenda inayofuata, niwakumbushe. Hoja iliyokataliwa inaweza kurudishwa katika kikao hiki hiki. Lakini kanuni inasema anayeomba lazima awe mjumbe aliyepiga kura ya hapana. Yupo?"

Waliokataa walikuwa wameridhika na kukataa kwao, na Mkutano Mkuu mwingine ni baada ya miaka minne. Muuguzi angeweza kukaa vilevile. Kura ni siri, hakuna ambaye angemjua. Alimfikiria wifi yake akifunga mizigo, akasimama.

Wakili aligeuka kutoka safu ya mbele, akamtikisia kichwa upesi upesi: kaa chini dada, wewe huruhusiwi, wewe hukukataa.

"Mjumbe," Mwenyekiti aliuliza, "ulipiga kura ya hapana?"

"Ndiyo, Baba Askofu."

Kichwa cha wakili kikaacha kutikisika.

"Nani anamuunga mkono?"

Hakuna aliyejitokeza. Kisha, safu ya mbele, wakili akanyoosha mkono, ameshawageukia wakubwa mezani na kumpa dada yake kisogo. Kura zikapigwa upya, na safari hii hoja ikapita. Wajumbe wakamzonga wakili kwa pongezi, wengine wakamkumbatia. Muuguzi aliachwa peke yake kwenye kiti chake. Alifurahi kwa ajili ya wifi yake, alifurahi kweli kweli, na bado alimwonea mdogo wake wivu.

Wakili alijichomoa kwenye kundi, akamjia, akamnyooshea simu yake ikiwa tayari inaita.

"Ongea na wifi wewe," alisema. "Hoja ni yako." Akageuka akaenda zake.

Wifi alipokea, wala hakusubiri salamu. "Imepita? Niambie imepita!"

"Imepita," muuguzi alijibu.

"Nilijua!" Wifi alikuwa analia na kucheka. "Nilijua, wakili wangu, hutaniangusha!"

Muuguzi alimtazama mdogo wake akitoka mlangoni bila kugeuka nyuma.

"Hakukuangusha," alisema.