Kipindi Kilichotazamwa Kutoka Mlangoni

Alhamisi, saa kumi na moja na nusu jioni, Dada alifungua mgongo wa televisheni ya zamani ili atoe mashuka ya wageni, akakuta kipindi kimeanza. Televisheni hiyo haikuwa na kitu ndani zaidi ya mashuka na vipande vya sabuni vya kufukuzia nondo. Vyuma vyake fundi alishavichukua miaka mingi nyuma, waya wake ukawa kamba ya kuanikia nguo, na kilichobaki ni sanduku la mbao lenye miguu minne na kioo mbele. Dada alichomoa mashuka mawili, akafunga, akaita kuelekea kibarazani.

"Mwalimu, kipindi chako."

Kisha akaenda kumenya viazi.

Mwalimu, mdogo wake anayemfuata, alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na hakuna aliyemfahamu ambaye hakukijua kipindi chake. Kiliitwa Ukumbi wa Shangazi. Kilikuwa na Shangazi mwenyewe, mama mnene wa miwani asiyewahi kupandisha sauti, na nungunungu wa kitambaa aliyeogopa kila kitu isipokuwa hesabu. Mwishoni alikuja tarishi na barua ya mtoto mmoja, Shangazi akaisoma, akaijibu, wakapungiana mikono na watazamaji. Hapakuwa na bastola wala matusi. Mwalimu aliamini kwa dhati kwamba ya kale hayanuki, na kwamba dunia ilianza kwenda mrama wiki ile ile kipindi kilipoondolewa. Harusini, msibani, kwenye foleni ya maji, ukimpa nafasi ya kupumua tu alikwisha kufika kwa nungunungu.

Kwa hiyo aliingia sebuleni, akavuta kiti, akatazama. Alikuwa na miaka sitini na moja na machozi yalimtoka bila kumwomba ruhusa. Shangazi alikuwa vilevile. Kasoro ilikuwa moja: upande wa kushoto wa picha kulikuwa na kitu cheusi kilichosimama wima kama nguzo, na picha nzima ilikuwa inayumba taratibu, kulia, kushoto, kulia. Halafu, tarishi alipobisha hodi, sauti ya mwanamke iliita kutoka mbali, picha ikageuka ghafla ikaonyesha korido, ikazimika. Barua haikusomwa.

Siku iliyofuata ikawa hivyohivyo, na iliyofuata pia. Mwalimu akampigia simu mdogo wao wa mwisho, Daktari, ambaye alikuja baada ya zamu yake ya hospitali akiwa na fundi wa televisheni.

Fundi hakushangaa kukuta mashuka. Alisema amewahi kuona makubwa kuliko hayo. Alisubiri kipindi kianze, akafungua futi yake, akapima kioo, akachuchumaa, akafumba jicho moja, akaandika tarakimu kwenye kiganja. Kisha akakunja futi.

"Televisheni nzima kabisa," alisema. "Hiyo nguzo ni fremu ya mlango. Anayetazama amesimama mlangoni, hajaingia. Urefu wake haufiki mita moja na nusu, na ana mzigo mgongoni anaubembeleza, ndiyo maana picha inayumba. Hapa mimi sina cha kutengeneza. Ubovu uko kule aliko yeye."

Wote walitazama tena. Kweli, chini ya kioo kulikuwa na kisogo cha mtoto wa kiume aliyekaa sakafuni, masikio yametanuka, na kando yake kofia ya baba yao ikichungulia juu ya gazeti. Mwalimu alikitambua kisogo chake kwa masikio.

"Huo mzigo ni mimi," alisema Daktari.

Hakuna aliyebisha. Hesabu ilikuwa rahisi. Alipozaliwa Daktari mama yao aliugua, na Dada, aliyekuwa na miaka kumi na miwili na akiongoza darasa la tano, aliambiwa abaki nyumbani kwa muda, mpaka mtoto atambae. Mtoto alitambaa. Akatembea, akaenda shule, akaenda chuo, akawa daktari wa mifupa. Mama yao naye alipona, akazeeka, akafariki. Katika miaka hiyo yote hakuna aliyekumbuka kumwambia Dada kwamba muda umekwisha.

Walimwita aje atazame. Kutoka jikoni alijibu kwamba waanze tu, atakuja akimaliza.

Habari haina miguu lakini hutembea. Majirani wa rika la Mwalimu walianza kuja jioni na vigoda vyao, wakaketi sebuleni wamebana magoti. Walicheka palepale walipochekea wakiwa watoto. Walikubaliana kwamba siku hizi hakuna vipindi, kuna kelele tu, na kwamba watoto wa siku hizo walikuwa na heshima kwa sababu Shangazi aliwalea. Kila mtu alikuwa na barua aliyoikumbuka, na kila siku kipindi kilikatika kabla ya barua. Jirani mmoja, fundi bomba, alishauri yule msichana aambiwe asogee ndani hatua mbili, maana fremu ilikuwa inamkosesha nungunungu. Lilikuwa wazo zuri, lakini hakuna aliyejua lipitishwe kwa nani. Kati ya vicheko Dada aliingia na sinia la chai, akazunguka na vikombe akiwa ameipa televisheni mgongo, akatoka.

Mwalimu alikuwa anahesabu siku. Vipindi vilikuwa vinafuatana kwa mpangilio wa zamani: wiki ya nungunungu kupata surua ilikwisha pita, ikaja wiki ya kuvuka barabara, na baada ya hiyo ilikuwa inakuja siku yake. Kwa maana barua ya Mwalimu iliwahi kusomwa. Alikuwa na miaka tisa. Barua hiyo ndiyo iliyomfanya mwalimu, na kwa miaka thelathini na mitano aliikariri kila siku ya kugawa zawadi, shule nzima ikiwa imesimama kwenye jua: *Mpendwa Shangazi, nataka kuwa mwalimu, lakini nyumbani kuna kazi nyingi na haziishi. Je, mtu anaweza kuwa mwalimu akiwa nazo?* Watu wazima walikuwa wanafuta macho. Haikumpitia yeyote kichwani kumuuliza kazi zenyewe zilikuwa zipi.

Siku hiyo ilipofika alivaa koti. Sebule ilijaa hadi dirishani. Nguzo nyeusi ilikuwa mahali pake, picha iliyumba, nungunungu akaogopa puto. Tarishi akabisha hodi. Mara hii ile sauti ya kuita ilichelewa kidogo, na Shangazi akapata nafasi ya kufungua bahasha, akaikunjua karatasi, akaigeuza ili watoto waone jinsi mwenzao alivyoandika kwa unadhifu. Picha iliacha kuyumba. Aliyekuwa mlangoni alikuwa ameacha kumbembeleza mtoto.

Karatasi ilijaa kioo kizima. Herufi zilikuwa zimelala kidogo upande wa kulia, kila "g" ikiwa na mkia mrefu uliorudi juu na kufunga kitanzi. Daktari aliinama mbele. Mwandiko huo aliuona kila alipofungua kabati la jikoni, kwenye makopo ya chumvi, sukari na majani ya chai.

"Kaka, huu ni mwandiko wa Dada."

Kabla Mwalimu hajajibu, mama yao aliita kutoka miaka hamsini na mbili nyuma. "We Dada! Maharagwe yanaungua huko!" Picha ikageuka. Korido, ukuta, mkono mdogo unanyanyua mfuniko, mvuke. Kioo kikazimika. Majirani wakaokota vigoda vyao, wakaaga, wakasema Mungu akipenda kesho.

Mwalimu alibaki kwenye kiti na koti lake. Hakuwa mwongo, na tusimwonee. Ilikuwa hivi: kipindi kilikuwa na sharti kwamba barua isiyo na jina la shule na darasa haisomwi. Dada hakuwa tena na shule. Kwa hiyo alichana karatasi katikati ya daftari la mdogo wake, akaandika swali lake juu, na chini akaandika jina la huyo mdogo wake, shule yake na darasa la tatu, kisha akampa akaitie kwenye sanduku la posta. Mwalimu alilijua hilo. Alilijua mpaka akiwa kwenye miaka ya thelathini. Baada ya hapo alikuwa ameisimulia mara nyingi mno, na mazoea yana tabu: jambo likikaa sana kwako hulioni tena kuwa la mwenzio. Sasa aibu ilimpanda taratibu kutoka miguuni. Alimwambia Daktari yote, akiangalia sakafu.

Daktari hakumfokea. Alisema tu kwamba mgongo wa Dada ndio uliomlea yeye, wala hajawahi hata kuupiga picha ya eksirei. Akamwambia kaka yake aende.

Dada alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, karibu na dirisha ambapo mwanga ulikuwa bado upo. Mwalimu alisimama mlangoni mwa jiko. Hakukumbuka mara ya mwisho alipoingia humo.

"Leo ilikuwa ile barua," alisema.

"Nimesikia walivyonyamaza."

"Dada, wewe hukuwahi kusikia ikisomwa?"

"Maharagwe yaliungua," alisema Dada, akipuliza pumba. "Nilirudi nikakuta mnapungiana mikono. Baba alikuwa amekubeba juu, anakuzungusha. Nikaona basi, imesomwa."

"Na jibu lake? Hukuniuliza."

"Ulikuwa unaimba siku tatu. Ungenijibu nini?"

Basi Mwalimu akamwambia. Alilijua jibu kwa moyo, kama alivyolijua jina lake. Alilisema polepole, bila ile sauti ya siku ya zawadi.

"Alisema: Mwanangu, anayeuliza swali hili ameshakuwa nusu ya mwalimu. Nusu iliyobaki iko kwenye vitabu. Kazi za nyumbani hazijawahi kwisha kwa mtu yeyote, kwa hiyo usizisubiri ziishe. Na asije mtu akakutoa darasani, hata kwa siku moja. Akitokea, mwambie Shangazi amekataa."

Ungo ulisimama. Dada alitazama nje, kwenye kamba iliyokuwa waya wa televisheni.

"Alisema amekataa?"

"Alisema amekataa."

"Kwa sauti ile ile, ya kutopandisha?"

"Ile ile."

Dada aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea mzigo aliokuwa ameshazoea kwamba hautakuja. Uso wake ulikuwa mzuri sana wakati ule, na Mwalimu alitaka kumwomba msamaha, akawa anatafuta maneno ya kuanzia. Alikuwa amefundisha insha maisha yake yote. Hakupata hata sentensi moja.

"Lingenifaa," alisema Dada hatimaye. "Lakini limekufaa wewe, halikupotea." Akaokota jiwe kwenye mchele, akalitupa dirishani. "Mtakula wangapi? Daktari analala?"

"Analala."

"Basi niongeze kikombe. Nenda ukakae, hapo mlangoni unanizibia mwanga."

Mwalimu akarudi sebuleni. Daktari alitaka kujua Dada amesemaje, akamwambia kwamba Dada amesema wakae. Wakakaa. Kesho yake kilikuwa kipindi cha nungunungu na mwavuli, majirani walikuja mapema, na picha iliyumba kama kawaida. Walimwekea Dada kiti katikati kabisa, cha mto, wakamwita mara tatu. Alijibu waanze tu. Chakula cha jioni kilikuja saa moja kamili, kikiwa cha moto, Mwalimu na Daktari wakala, wakakisifu.