Mitungi Sita ya Nashon Oloo

Musembi na Nashon Oloo walichukiana tangu asubuhi ya kwanza walipoonana, na hakuna aliyetumwa kuwapatanisha. Ilikuwa mwaka wa hamsini na tisa, katika karakana ndogo nyuma ya River Road ambako mitungi ya kuzimia moto ililetwa kupimwa na kujazwa dawa upya. Mingi ilitoka mahotelini na maghalani. Ya boti ilikuwa nadra, maana Nairobi ni mji wa vumbi.

Nashon alikuwa mfanyabiashara wa Rusinga. Alikuwa na motaboti iliyobeba watu na magunia kati ya Kisumu na visiwa, na mkaguzi wa boti alikuwa amemnyima leseni hadi mitungi yake sita ipimwe na kupigwa muhuri. Basi aliifunga kwenye magunia, akapanda nayo treni, akaingia karakana kofia kichwani bila kumwamkia mtu ila Shem, karani, ambaye alikimbia kumletea kiti.

Musembi, fundi, aliokota mtungi mmoja akautikisa. Haukutoa sauti ya maji. Akafungua kifuniko, akaingiza kijiti, kikagota. Mtungi wa namna ile una dawa mbili zilizotengwa. Ukiupindua, dawa hukutana, zikachemka na kutoa povu. Humu dawa moja ilikuwa imekauka nusu na kuganda kama uji wa juzi, na chumvi yake ilikuwa imeziba mdomo. Alipopitisha kucha kwenye mshono wa chini, kutu ilipukutika.

"Hii imekufa," akasema. "Yote sita. Hata kujaza siwezi, chuma imeliwa. Tafuta ingine."

Nashon hakuinuka kitini. "Mtungi si maziwa, fundi. Hii haijatumika hata siku moja tangu ninunue boti. Kitu haijatumika inaisha namna gani?"

"Inaisha ikikungojea."

Nashon akamgeukia Shem, akamwuliza kwa sauti ya kusikiwa na karakana nzima tangu lini mtu wa Ukambani, kule ambako punda huenda siku nzima kutafuta maji, amekuwa mwalimu wa mambo ya ziwa. Shem akacheka. Vibarua wa karakana nao wakacheka, kwa kuwa Musembi hakuwa na rafiki pale. Alikuwa mkali, msemaji wa mabaya, mtu wa kula chakula chake peke yake.

Angeweza kuwajibu. Wakati wa vita alikuwa baharia Mombasa, chumba cha injini, na siku boti yao iliposhika moto bandarini, Mbithi, mtu wa kijiji chake, aliupindua mtungi uliong'arishwa kila Ijumaa kwa miaka minne. Yalitoka matone. Musembi aliponea dirishani na mkono wa kushoto ulioiva kama nyama, Mbithi hakutoka. Lakini hayo hakuwahi kumwambia mtu Nairobi, na hakuwa tayari kumpa Nashon Oloo ayachezee mdomoni. Alichukua chaki, akapiga msalaba kwenye mitungi yote sita, akarudi kwenye kazi yake.

Kesho yake, Jumamosi, mitungi haikuwapo. Shem alikuwa ameifuta chaki, akaipiga rangi mpya, akatundika vibati vya tarehe ya mwaka ule na mihuri ya madini ya risasi. Musembi aliingia ofisini kwa mwenye karakana, Mzungu aliyeitwa Fenwick, akamweleza. Fenwick alisema bila kuinua macho kwamba mteja alitaka muhuri, naye amepata muhuri. Fundi kazi yake ni kuziba na kufungua. Nje, Musembi alimkaba Shem ukosi akamwuliza yule mtu yuko wapi. Shem alimwambia, tena kwa furaha: yuko Kangemi kwa dada yake, anasafiri kesho. "Nenda," akasema. "Zadock, shemeji yake, ni seremala, ana nyundo nyingi."

Saa saba kazi ilipofungwa Musembi alipanda baiskeli yake, akapita Westlands, akashika barabara ya Nakuru, akaonyesha pasi yake ya ruhusa kwa askari wa kizuizi cha barabarani, akateremka Kangemi akiuliza nyumba ya Zadock seremala.

Aliwakuta uani. Zadock alikuwa akipiga randa, mkewe Lornah akichambua mboga mlangoni pa jiko la mabati, na Nashon, kaka yake Lornah, ameketi na chai. Mitungi sita ilisimama ukutani, myekundu, imependeza. Lornah alimkaribisha mgeni kwa adabu. Musembi hakuketi. Alisema amekuja kuchukua muhuri wa karakana yake kutoka kwenye vitu vilivyooza.

Nashon aliweka kikombe chini. Alimwambia shemeji yake kwamba huyu ndiye mtu aliyemsimulia, anayetaka kumfilisi kwa wivu. Musembi akasema hana wivu na jeneza linaloelea. Zadock aliacha randa, akasema kwake watu hawatukanani, lakini alikuwa akizungumza na migongo. Musembi alitoa spana, akachuchumaa kufungua mtungi wa kwanza ili wote waone yaliyomo, na hapo Nashon akarukia mtungi wa mwisho.

"Nitaonyesha nyinyi," akasema, akaupindua.

Kwanza hakikutoka kitu. Kisha ndani kukaanza kuchemka. Dawa kidogo iliyobaki majimaji ilikuwa imekutana na mwenziwe, na mdomo umeziba. Nashon alisogeza uso kuutazama mdomo. Akautikisa. Musembi alisikia mshono ukilia. Alimpiga Nashon kwa bega kifuani, akamwangusha kwenye maranda, na kwa mkono wake mbovu akaurusha mtungi upande wa uzio.

Haukufika mbali. Ulipasuka ukiwa bado hewani, kitako kikachomoka, kikatoboa ukuta wa jiko na kutokea upande wa pili. Lornah alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale. Kuku walitawanyika. Povu chafu la kahawia lilitambaa juu ya maranda kama matapishi.

Nashon aliinuka polepole, koti limechanika kwapani, kofia haijulikani iliko.

"Umenipiga mbele ya shemeji yangu," akasema. Sauti yake ilitetemeka, na haikuwa kwa woga peke yake; kwao, kuangushwa chini mbele ya mume wa dada ni aibu isiyosafishwa kwa sabuni.

"Ningekuacha, ungekufa mbele yake."

Zadock alimwambia Musembi atoke. Hakusema kwa ukali, wala hakusema asante. Musembi alikuwa ameshika baiskeli Lornah alipofika kati yao, mboga bado mkononi, akamtazama kaka yake tu.

"Mama si atapanda boti hiyo Jumatano, na watoto wa shemeji yetu Naliaka?"

Nashon alikwenda kutafuta kofia yake.

Jumatatu alirudi karakana na mitungi mitano, akaibwaga mbele ya Fenwick. Hakusema kwamba ilikuwa mibovu. Alisema fundi amemfuata nyumbani kwa watu, amemshambulia na kumvunjia mali yake. Fenwick hakuhitaji maneno marefu. Musembi aliitwa, akapewa kadi yake ya kazi ikiwa imekwisha kuandikwa, akaambiwa aache spana. Shem alimfungulia mlango.

Alipotoka barabarani alimwona Nashon mbele ya duka la Mhindi, upande wa pili. Mchukuzi alikuwa akipanga kwenye mkokoteni mitungi sita, mipya kabisa, karatasi za dukani bado zimeifunika. Musembi alivuka.

"Usifikiri nimenunua kwa sababu yako," Nashon akasema.

"Sijafikiri."

"Ni mkaguzi anasumbua."

Musembi aliinama, akafunua karatasi, akasoma tarehe iliyogongwa kwenye chuma. Alisoma ya mtungi mmoja, akasoma na ya mwingine. Nashon alimwacha asome, taya zimekaza.

"Kila mwaka ifunguliwe, dawa ibadilishwe," Musembi akasema. "Hata kama haijaguswa."

Nashon alitema mate karibu na gurudumu, akamwambia mchukuzi asukume. Walishuka kuelekea stesheni, na hakugeuka nyuma.

Musembi alibaki akiutazama mkokoteni hadi ukapotea nyuma ya lori. Alikuwa bado anamchukia yule mtu, kofia yake, mwendo wake, hata namna alivyotema. Mkono wa kushoto ulikuwa ukimwuma tangu Jumamosi. Aliutia mfukoni pamoja na kadi, akaanza kupanda kuelekea Upper Hill, ambako alikuwa amesikia hospitali inatafuta fundi wa mabomba.