Velma Halas

Niseme mapema kwamba sizipendi sinema za zamani za Hollywood. Wazungu wa rangi ya majivu, wanaume wa kofia wanaojikwaa kwenye zulia, wanawake wanaoongea mbio utadhani wanafukuzwa, na theluji ya uongo inayoanguka mwishoni ili watu wote wapatane chini ya mti wa Krismasi. Lakini nimezitazama nyingi kuliko mtu yeyote wa kwetu Siaya, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi yangu.

Nyumba ilikuwa Al-Murabba, Riyadh. Madam, mwenye nyumba, alinipa mama yake nimtunze, Mama Fathiya, mzaliwa wa Jeddah, mwenye miaka themanini na kitu na macho yaliyokwisha kabisa. Marehemu mumewe alimwachia kabati zima la sinema hizo. Kila siku baada ya sala ya alasiri nilimkalisha kwenye kochi, nikaweka moja, na kumsimulia yanayoonekana kwa Kiarabu changu cha jikoni. Kiingereza hakukijua. Alipenda sauti, na zaidi alipenda zile za Krismasi zenye vilio na vicheko pamoja.

"Wote hawa wamekufa," aliniambia siku ya kwanza, akielekeza kidole kando kidogo ya televisheni. "Wasikie wanavyocheka."

Mimi mwenyewe nilikuwa nimefika nyumba ile kutafuta maiti.

Dada yangu Velma alinitangulia hapo. Alifanya kazi miaka miwili, akitupigia kila Jumapili kwa simu ya nyumba ile, halafu Jumapili tatu zikapita kimya. Nikapiga mimi. Simu ikapokelewa na madam. Nyumbani walikuwa wamenizunguka, Baba, Mama, majirani, kwa kuwa mimi ndiye niliyejidai najua Kiarabu. Velma alikuwa amenifundisha maneno kumi, kumi na mawili. Madam akasema, "Velma halas. Velma mafi." Kisha akakata. Baba akauliza amesema nini. Nikafasiri kama msomi: halas ni kwisha, mafi ni hayuko. Nikasema, "Velma amekwisha. Hayuko tena."

Na kwetu ukiambiwa mtu amekwisha, hungoji maelezo. Mama aliangua kilio palepale.

Baba alizunguka ofisi za Nairobi hadi viatu vikaisha soli. Wakala aliyempeleka Velma alikuwa amefunga ofisi. Wengine walituambia tungoje. Tukangoja mwaka mzima, kisha wazee wakasema roho ya mtu haiachwi ikitangatanga. Wakachuma tunda la yago, lile refu la kuning'inia, ambalo sisi Wajaluo huzika badala ya mtu asiyepatikana. Wakalivika gauni la Velma na kulizika kando ya nyumba ya Baba, na msalaba wenye jina lake. Nilirusha udongo kwa mkono wangu.

Baada ya hapo sikulala vizuri. Nilitaka kujua wamemlaza wapi. Nikamsumbua wakala mwingine mpaka akachoka nami, akanipatia nyumba ileile. Majina yetu hayafanani, kwa hiyo hakuna aliyejua mimi ni nani. Nilipanga kunyamaza, kuchunguza, na siku nikipata ukweli niwawashie moto. Nilikuwa na hasira hiyo, sikatai. Nilimpikia madam huku nikimtazama mikono.

Kilichonitesa ni Mama Fathiya. Alikuwa anamtaja Velma kila siku, tena kama mtu aliyeketi nasi. Nikimsimulia kwamba bibi harusi anamkimbia bwana harusi, yeye husema, "Velma anasema huyu bibi harusi mwongo." Nikimwambia baba wa watoto amerudi na zawadi, hutikisa kichwa: "Hapana. Velma anasema hakurudi, watoto wamelala kwenye viti wakimngoja." Kiarabu tulichozungumza hakikuwa na jana wala leo, kwa hiyo sikujua kama marehemu alisema zamani au anasema sasa. Kuna alasiri nilisogea mwisho wa kochi, nikiacha nafasi katikati yetu, na sikuweza kujieleza ni ya nani.

Miezi minne ikapita hivyo. Siku moja mwezi wa kumi na mbili akataka sinema ambayo sikuwa nimeiona. Ilikuwa ya kuchekesha. Meli inazama, mwanamume anadhaniwa amekufa maji, mkewe anavaa nguo nyeusi, mchungaji anahubiri mbele ya jeneza tupu. Kisha Krismasi inafika, marehemu anaingia nyumbani kwa mlango wa jikoni, na mpishi anaporomosha sahani zote.

Nilifika pale kwenye jeneza nikakwama. Nikasema, "Mwanamume halas."

"Halas nini?" Mama Fathiya akauliza. "Kazi? Amemaliza kazi kwenye meli?"

"Hapana, mama. Halas. Mafi. Mke analia."

"Amemaliza kazi, hayuko pale. Sasa mke analilia nini?"

Nikalala sakafuni miguuni pake, nikamshika mkono aguse jinsi nilivyonyooka, nikakunja mikono yangu kifuani. Alinipapasa uso, kisha akacheka mpaka akakohoa.

"Hiyo ni *maat*, binti. Amekufa. Nani alikufundisha kwamba halas ni kufa? Wewe ukimaliza mkataba wako, halas. Ukienda sokoni, mafi. Kwa hiyo kila siku unakufa?"

Kwenye televisheni sahani zilikuwa zinavunjika na watu wanacheka. Nilikuwa bado nimelala sakafuni, mikono kifuani, na mwili ulikuwa umepoa kweli.

"Mama," nikasema. "Velma halas au Velma maat?"

Akaacha kucheka. "Nani amesema Velma maat? Velma halas. Mkataba uliisha, akaenda Jeddah kwa dada yangu. Nilipokwenda Jeddah alikuja kunisalimia. Ana mikono laini kuliko wewe."

Sijui nililia vipi, ila madam alikuja mbio akidhani mama yake ameanguka.

Nikawaeleza wote wawili. Madam alikaa chini akashika mdomo. Hakukumbuka hata kupigiwa simu kwenyewe; kwake lilikuwa jambo dogo, mtu ameulizia mfanyakazi, akajibiwa kwamba amemaliza na hayuko. Miezi minne nilikuwa namtafutia hatia mwanamke huyu, na aliyemuua dada yangu ni mimi. Nilimuua kwa neno moja, kwa majivuno, mbele ya majirani.

Nyumbani sikupiga. Simu ilishaniponza mara moja. Nilitaka kwanza nimshike.

Wiki iliyofuata familia ilikwenda Jeddah, likizo ya shule, nami nikaenda na Mama Fathiya. Dada yake alikuwa na dereva Mkenya, Laban, mtu wa Busia mwenye maneno mengi, ambaye alipoelewa namtafuta nani akapunguza sauti. "Huyo alitoka hapa kitambo, hata mwezi hakumaliza," aliniambia. "Alienda kwa bosi mwingine, akakaa huko mwaka mzima amenyimwa simu. Akatoroka. Sasa ikama, kibali cha kukaa, imeisha, hawezi kusafiri. Anaishi mtaa wa Al-Hindawiyah na wasichana wengine."

Ijumaa akanipeleka. Njiani nilijipangia tukio zima kama nilivyofunzwa na Wazungu wa Mama Fathiya: mlango utafunguka, atapiga kelele, kitu kitaanguka, tutakumbatiana tukicheka. Mlango ulifunguka. Velma alikuwa amekonda, ana kitambaa kichwani na sabuni mikononi. Hakupiga kelele.

"Si mlinizika?" akasema.

Aliona picha za matanga kwenye simu ya msichana wa Ugenya. Aliuona msalaba, na alimwona Baba ameshikiliwa. Aliniona mimi nikirusha udongo.

Nilipiga magoti palepale kwenye ngazi. "Velma, ni mimi. Madam alisema halas, nami nikawaambia umekwisha. Ni mimi niliyekosea. Nipige."

"Na Mama je?" aliuliza. "Yeye pia alikosea neno?"

Sikuelewa. Akaniingiza ndani, tukakaa kwenye godoro. Akaniambia kwamba siku alipotoroka, kitu cha kwanza alichofanya ni kuazima simu na kumpigia Mama. Namba aliijua kwa kichwa. "Nikasema, Mama, ni mimi, Ve... Akakata. Nikapiga tena, imezimwa. Nikajua, basi. Kama mama yako mwenyewe anakufanya mzimu, unarudi kwa nani?"

Mama hakuwahi kutuambia. Nilitoa simu yangu nikapiga papo hapo, na kuweka sauti ya juu. Velma alisogea hadi ukutani, mkono mdomoni.

Nikamwambia Mama yote, halas na yote.

"Nilimjua," akasema.

"Nini, Mama?"

"Siku ile alipopiga. Nilimjua kabla hajamaliza kuniita. Tulikuwa tumeshazika, Maureen. Niliogopa, nikakata. Halafu nikaogopa kwamba nimekata. Tangu siku hiyo simu hii naenda nayo mpaka msalani, kila namba ngeni naishika. Yuko hapo? Mwambie anitukane. Asikate tu."

Velma alinyoosha mkono akachukua simu yangu, akaitazama, na kukata.

Nilidhani ndiyo basi. Aliinuka, akafuta sabuni mikononi kwenye gauni lake, polepole, kidole kwa kidole. Akachukua simu yake mwenyewe dirishani na kubonyeza zile namba bila kuzisoma popote. Ikaita mara moja tu.

"Mama, ni mimi," akasema, kisha akasimama kidogo, kama anayengoja kupigwa. "Velma."

Mama alimwacha alimalize jina lake.