Kahawia kwenye Koo la Baba Mdogo

...kahawia, tena kahawia iliyokolea, seli zimejaa rangi kuanzia pembeni hadi katikati, nasogeza kioo cha sampuli kushoto, kahawia, kulia, kahawia, jamani hata kijisehemu kimoja cha buluu hakuna, na mimi tangu asubuhi nilikuwa naiombea buluu, kwa sababu kipimo hiki hakina mafumbo, uvimbe wa koo ukishika kahawia maana yake ile protini tunayoitafuta ipo, mionzi itaumudu, mgonjwa ana nafasi kubwa ya kupona, ukibaki buluu hali ni ngumu, ndugu waanze kujiandaa... na ndugu wenyewe ndio mimi, baba mdogo, jina lako liko kwenye lebo na kinyama cha koo lako kiko chini ya hadubini yangu, koo lile lile lililonguruma mlangoni udongo wa kaburi la baba haujakauka, "Shemeji, hii nyumba ni ya kaka yangu, beba mwanao uende," na mama akabeba, godoro kichwani, mkono wangu kaubana hadi unauma, hakulia pale, alilia baadaye kwenye chumba cha kupanga, kila bati lilipovuja, akafa bila kukanyaga tena ua wake... "Daktari, vipi, imeshika?" fundi wa maabara huyo, nyuma yangu, nasema subiri kidogo, bado naangalia, naangalia nini wakati jibu limenitumbulia macho, neno moja tu, haijashika, naandika, nasaini, nani atabisha, watamshindilia dawa kali mpaka atapike nyongo, wanawe wataambiwa yale maneno ya upole ya kukatisha tamaa... lakini kufa ni kupumzika, mama ndiye aliyestahili kupumzika, huyu apumzike mapema hivi kwa lipi, hapana, aishi, aishi miaka, mate yamkauke kwa mionzi, sauti ile ibaki mkwaruzo, na majibu sitayatuma, nitampelekea mwenyewe wodini, nivute kiti, shikamoo baba mdogo, ni mimi, binti wa yule uliyemfukuza, ndiye niliyekupima, utapona, na kila utakapoamka ujue ningeweza kuandika vingine... atataka kujibu, koo litagoma, nami nitakaa pale pale, sina haraka, nimtazame akihangaika kulitafuta jina la mama... "Daktari?" "Imeshika," nasema, jicho bado kwenye lenzi, "imeshika vizuri sana."